Uchaga wa Mama na Mtungi wa Feza

Feza alifika matangani siku ya pili, nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, na kabla hajavua viatu alianza kulia kwa sauti iliyoishinda yangu. Mimi mtoto wa tumbo nilikuwa nimekaa mkekani, macho makavu, nikimsikiliza mtu wa kuja akimwita mama yangu mama yake. Wanawake walimpisha akakae karibu na jeneza. Mmoja, mgeni katika mtaa wetu, alimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Ule njo binti mukubwa?" Jirani akamjibu kwamba hapana, binti ni huyu hapa, Sifa, na wote wawili wakanitazama kwa huruma. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile nilidhani yale mambo yameoza yakaisha kama majani yaliyofukiwa, kumbe yalikuwa yanasubiri mvua. Siku hizi watu wakitaja wivu hushusha sauti, kama wanaosema ugonjwa wa aibu. Mimi sishushi. Nilimwonea Feza wivu mwaka mzima, kuanzia mvua za kwanza mpaka kiangazi, na nilikuwa na sababu zangu. Nitazieleza.

Sababu zilianzia jikoni. Jiko la mama lilisimama peke yake nyuma ya nyumba yetu hapa Kasongo, kuta za udongo, mlango mfupi wa kuinamia, mafiga matatu katikati. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa mianzi, mweusi kwa masizi hata ukawa unang'aa, na juu ya uchaga huo zilikaa mbegu za kikundi cha wanawake wa mtaa wetu: mahindi yakining'inia na maganda yake, karanga, kunde na maboga ndani ya vibuyu vilivyozibwa kwa nta na majivu. Moshi ulifukuza wadudu na joto lilizuia ukungu. Chochote chenye thamani katika nyumba yetu kilipandishwa pale, hata kadi za ubatizo. Mvua zikikaribia, wanawake walikuja mlangoni na bakuli zao, mama akapanda kigoda akawateremshia mbegu, kila mmoja na neno lake la utani. Aliyeshika vile vibuyu alikuwa mtu. Wanaume wakubwa wa mtaa walimwamkia mama kwanza kwa sababu wake zao walimhitaji. Mimi nilikuwa nashika kigoda kisiteleze, sijaolewa bado, na kwa kuwa magoti ya mama yalishaanza kukataa, nilijua kwamba siku si nyingi atanipa mkono niingie mahali pake. Sikutaka kingine. Wasichana wenzangu waliota kwenda Kindu au Bukavu, mimi niliota kusimama juu ya kile kigoda.

Feza aliingia kwetu na furushi moja na mbabula, jiko dogo la makaa. Mume wake, mchimba dhahabu aliyetokea naye upande wa Kivu, alikuwa akichimba kule Lusangi, kisha akasikia shimo jipya limetoka upande wa Kabambare akaenda, akamwambia mke wake amsubiri Kasongo. Feza alisubiri mpaka kusubiri kukawa ndiyo kazi yake. Mama akampa chumba cha nyuma, kwa masharti ya kusaidia shambani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, mama alisema siku ile, na mimi niliitikia amina kama mpumbavu. Feza hakuwa mzuri kuliko mimi. Alikuwa na pengo kwenye meno ya mbele na alicheka bila kuliziba. Lakini alijua kuuliza. Alimwuliza mama kwa nini maboga yanapandwa pembeni ya mahindi, kwa nini kunde haziwekwi ambapo kunde zilitoka, na mama, ambaye mimi alinifundisha kwa kunifinya sikio, alimjibu yeye kwa maneno, taratibu, akichora ardhini kwa kijiti.

Chumba changu na chumba cha Feza vilitenganishwa na ukuta wa miti na udongo ambao ulikuwa na nyufa. Saa za mchana, jua likiwa kali la kutofanya kazi nje, mama alikaa kule kwa Feza wakimenya karanga, na mimi nililala kitandani nikisikia maganda yakivunjika na maneno yakipita kwenye nyufa. Hivyo ndivyo nilivyosikia habari ya kibuyu chenye kovu. Nilikuwa nimekiona kibuyu kile tangu nikiwa na akili, kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa mgomba, na sikuwahi kuambiwa kwa nini. "Hiki nilitoka nacho kwetu siku ya ndoa," mama alimwambia Feza. "Njiani nikaanguka nacho ku mto. Nililia kuliko mutu amefiwa. Bwana yangu akakishona yeye mwenyewe, na mikono yake." Baba alikuwa amekufa, na mama hakuwa akimtaja mbele yangu. Nililala pale nikatazama paa. Hadithi ya baba yangu na uzi wa mgomba ilikuwa mali yangu, na iliingia masikioni mwangu kupitia ufa, ikielekea kwa mtu mwingine. Jioni ya siku hiyo tulikula wali na sombe, majani ya muhogo, na mama alipokwangua chungu, ukoko aliuweka kwenye sahani ya Feza. Ukoko ulikuwa wangu tangu nilipoota meno. Hakuna aliyeona kitu, ila mimi sikumaliza wali wangu.

Ndipo agronomu, bwana shamba, akaja. Alikuwa kijana mwenye buti za mpira, ametumwa na mradi mmoja uliokuwa ukihimiza watu kulima soya, zao ambalo kwetu halikuwa limezoeleka. Aliwakusanya wanawake uani kwetu akawaonyesha pakiti ndogo zenye unga mweusi kama masizi ya sufuria. "Wamama, humu ndani iko vidudu vizima," alisema. "Vinapumua kama sisi. Soja ikiota, vinaingia ku mizizi yake, vinajenga nyumba, vinavuta chakula ku hewa na kuipatia." Wanawake walicheka mpaka watoto wa majirani wakaja kuchungulia. Mama Riziki, jirani yetu, aliuliza kama na kunguni wa kwenye kitanda chake wanaweza kupelekwa shambani wakafanye kazi. Agronomu alicheka pia, kisha akaeleza kwa uvumilivu. Unga unapakwa kwenye mbegu kwa uji mwepesi wa muhogo, kivulini, na mbegu zinapandwa siku hiyo hiyo. Mahindi yapandwe kati ya mistari, kwa sababu soya ikishiba huacha chakula ardhini na jirani yake anakula. Mimea, alisema, haioneani wivu. Hakuwa amekaa nyumbani kwetu.

Kabla hajaondoka alitoa pakiti mbili, kwa kuwa hakuwa na zaidi, akasema ziwekwe mahali pakavu, pasipo jua, mpaka mvua zitulie. Hapo mama akapata wazo lake. Alisimama mbele ya wanawake wote, mkono kiunoni, akatangaza kwamba shamba lake la bondeni atalikata vipande viwili, kimoja changu, kimoja cha Feza. "Magoti yangu yamechoka kupanda kigoda," alisema. "Udongo utasema nani atashika mbegu zenu." Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilihisi damu ikinipanda masikioni. Kitu kilichokuwa changu kwa kuzaliwa kilikuwa kimewekwa kwenye mchezo, na mtu aliyekuja juzi na mbabula alikuwa amepewa nafasi sawa na yangu. Baada ya watu kutawanyika nilimwuliza mama pakiti yangu niiweke wapi. Alinishangaa. "Wee, mutoto wa hapa, unauliza? Weka pahali pa mbegu." Nikapanda kigoda, nikaiweka juu ya uchaga, karibu na kibuyu chenye kovu, pakavu, pasipo jua, na moto wa chakula cha jioni ukiwaka chini yake. Feza naye akauliza. "Wewe hauna jiko," mama akamwambia, "fukia tu chini ya mutungi." Feza akaifunga kwenye majani ya mgomba isiloe, akaifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wake wa maji.

Nilipanda vizuri. Nataka hilo lijulikane. Mistari yangu ilinyooka kwa kamba, yake ilipinda. Nilizipaka mbegu zangu uji na unga ule mweusi chini ya upenu, nikazifunika kwa gunia, nikazipanda kabla ya jua kali. Mahindi niliyaweka katikati kama nilivyoambiwa, na maboga pembeni yafunike ardhi. Zangu na za Feza ziliota pamoja, na kwa muda hukuweza kuona mpaka kati ya kipande changu na chake. Kisha soya yangu ikaanza kugeuka. Majani ya chini yakawa njano, halafu ya katikati, na mahindi yaliyosimama jirani nayo yakawa membamba, yamenyong'onyea. Ya Feza ilizidi kuwa kijani iliyokoza, majani mapana, na mahindi yake yalipanda kama yanasukumwa kutoka chini. Nilipalilia mara mbili zaidi yake. Nilibeba samadi ya mbuzi kwa beseni kichwani na haikutosha hata mstari mmoja. Wanawake waliopita njiani wakienda mtoni walisimama kila siku mahali palepale, kwenye mpaka, wakageuza vichwa huku na huku. "Ya Feza iko muzuri, eh!" walisema, kisha wakaniona nimeinama na jembe, wakakohoa. Na Feza, badala ya kuringa ili nimchukie kwa raha, alikuja kwenye mistari yangu bila kuitwa akang'oa magugu. "Dada, tusaidiane," alisema. Nikamwambia aende akapike kwake.

Agronomu aliporudi, wanawake wote walishuka naye bondeni. Aling'oa mche mmoja kwa Feza, akaukung'uta, akatuonyesha mizizi. Ilikuwa imejaa vinundu, kama shanga zilizotungwa ovyo. Akapasua kimoja kwa kucha, ndani kilikuwa chekundu hafifu, rangi ya nyama ya samaki. "Vidudu viko kazini," alisema. Akaja kwangu akang'oa mche, akaukung'uta, akaugeuzageuza. Mizizi ilikuwa mitupu. Akang'oa mwingine, na mwingine. Nilisimama nikitazama soya yangu ikitoka ardhini, na nilihisi ni mimi ninayevuliwa nguo mbele ya watu. Mwishowe akauliza, kwa upole, "Dada, ile sashe ya vidudu ulikuwa umeiweka wapi?" Nikasema juu ya uchaga. "Uchaga wa ku moto?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa. "Umevikalanga, dada! Si nimesema vinapumua?" Watu wakaangua kicheko, na Mama Riziki akasema vidudu vya Sifa vilikuwa tayari kuliwa na bugali.

Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, kitambaa kichwani, na alikuwa anajua. Nilimsubiri aseme, "Ni mimi nimemuambia." Neno moja lilitosha. Mama akainua uso akatazama mawingu, kama mtu anayepima mvua, na mbingu siku ile ilikuwa safi haina kitu. Ningeweza kusema mwenyewe. Lakini wanawake wale walikuwa wamechukua mbegu mkononi mwake miaka yote, na kama ningesema kwamba mama wa mbegu ndiye aliyeua vidudu, wangemcheka yeye. Kwa hiyo nikasema, "Nimeweka vibaya." Nilikosea kwa kuwa binti wa nyumba ya mbegu, niliyefundishwa kwamba kila kitu cha thamani kinakaa juu ya moto, na Feza alipatia kwa kuwa hakuwa na jiko. Hiyo ndiyo haki niliyoipata mwaka ule.

Siku ya mavuno mama alimwita Feza mbele ya kikundi akamkabidhi kibuyu chenye kovu. "Chanda chema huvikwa pete," alisema, na wanawake wakapiga vigelegele vile vile vya mwanzo. Feza alikipokea kwa mikono miwili, akanitafuta kwa macho, na mimi nikajifanya ninafunga mzigo wa maganda. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyepanda kigoda, na kigoda kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi, lazima mtu akishike. Mama alinitazama mara moja tu, nikajua ni kazi yangu. Nilishika kigoda, uso wangu ukiwa sawa na visigino vya Feza, nikasikia wanawake wakitaniana naye juu ya kichwa changu kama walivyokuwa wakitaniana na mama. Watu huuliza kwa nini sikuolewa haraka nikaondoka. Sikuweza kuondoka. Ningeondoka vipi nikawaachia watu wawili nyumba nzima wamenye karanga?

Kisha kiangazi kilipokuwa kinaisha, Feza akafunga furushi lake. Mama alikuwa amemtafutia kipande cha ardhi kwa jamaa zake upande wa Wamaza, akasema ni vizuri mwanamke awe na shamba lake. Asubuhi ya safari nilimkuta mama bondeni amepiga magoti, magoti yale yale yaliyokataa kigoda, akichimba kwa mikono mahali soya ya Feza ilipokuwa. Alikuwa anajaza kikapu. Pakiti hazikuja tena kwetu, mradi ulikuwa umefunga na agronomu amehamishwa, lakini alikuwa ametuambia kwamba vijidudu vikishakaa kwenye udongo vinabaki, na udongo huo ukimwagwa kwenye shamba geni unapanda uhai. Mama alichagua bonge kwa bonge, akalifikicha, akanusa, akafunika kikapu kwa majani mabichi. Hakuwahi kunichagulia kitu hivyo, hata kitambaa cha kanisani. Nilisimama nyuma ya mahindi makavu nikaonea wivu udongo. Feza alipoondoka, mama aliniambia, bila methali, bila kumwita mtu yeyote ashuhudie, "Haya, panda." Nikapanda kigoda. Asiyekuwepo na lake halipo, wanawake walisema, wakaleta bakuli zao kwangu, na wamezileta mpaka leo. Nimeshika mbegu za mtaa huu muda mrefu kuliko mama. Na kila nilipozishika nilijua nimepewa kilichoachwa na mwingine.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani siku ya matanga. Tulipotoka makaburini, wanawake walipika kwenye vyungu vikubwa uani, na ukoko, usiniulize nani aliwaambia, walimpelekea Feza. Aliuchukua akaja nao jikoni nilikokuwa nimejificha, akaketi kwenye kigoda, akaukata katikati. Alikuwa amenenepa, pengo limeongezeka. Akanipa nusu yangu. Kisha akasema, "Dada Sifa, mama aliniambia ile maneno ya uchaga."

"Maneno gani?"

"Kama ni yeye alikutuma uweke sashe pale juu. Siku moja tulikuwa tunamenya karanga, akalia. Akasema, 'Sifa alinifunika mbele ya wamama, na mi sina kinywa ya kumuomba musamaha. Mutoto wangu atanitazama na ile macho yake, nitakufa.' Njo akaniomba niende. Akasema, 'Wewe mukono yako itaota kila pahali. Yeye anapenda hapa tu. Umuachie.' Mi nikamuachia."

Nilikaa pale, ukoko mkononi. Ninajua mtu mwema angejisikiaje. Angelia, angemkumbatia. Mimi nilichohisi kwanza ni kwamba hata msamaha wangu alipewa yeye. Mama alilia kwa ajili yangu, machozi yenyewe hasa niliyoyasubiri tangu ile siku ya bondeni, na aliyalia chumba cha pili, nyuma ya ukuta wenye nyufa, siku ambayo pengine sikuwepo kitandani kusikiliza. Na kigoda nilichokipanda kwa kiburi miaka yote, alikuwa ni Feza aliyeshuka ili nipande. Nikamwambia, "Kwa nini haukuniambia mbele?" Akasema, "Alikuwa angali muzima. Maneno ilikuwa yake." Jibu hilo nalo lilinikera.

Kesho yake asubuhi, pikipiki ikisubiri njiani, Feza alikuja na kikapu kitupu akasimama mlangoni kwangu kama wanavyosimama wanawake wengine na bakuli zao. Wachimbaji walikuwa wamepita shambani kwake Wamaza wakitafuta dhahabu. Walipindua ardhi, ule udongo wa chini, mwekundu, usio na kitu, ukaja juu, kisha wakaondoka. "Soja inaota, halafu inakuwa manjano," alisema. "Inakuwa sawa na ile yako ya ule mwaka." Hakusema kwa ubaya. Furaha iliyonipata sitaificha: ilinishuka mpaka miguuni. Kisha nikatazama kile kikapu. Kilikuwa ni kile kile cha mama, mdomo wake umeshonwa upya.

Tukashuka bondeni. Angeweza kuchimba mwenyewe, lakini nilimwambia akae. Nilipiga magoti katikati ya shamba, mahali ambapo soya huwa kijani kuliko pote na mahindi hunizidi kimo, nikang'oa mche mmoja kwanza, nikapasua kinundu kwa kucha nikaona wekundu wake. Nikachimba hapo. Nilichagua bonge kwa bonge, nikalifikicha, nikanusa, nikajaza kikapu mpaka mdomoni na kukifunika kwa majani ya mgomba. Magoti yananiuma sasa. Feza alilia, akaniita jina la mama, na mimi nikamwambia anyamaze abebe mzigo wake, na akifika asiuweke juu ya moto. Alicheka na pengo lake lote bila kuliziba. "Chini ya mutungi, dada," akasema.

Asidhani mtu kwamba nilimpa kwa sababu wivu umeisha. Nilimpa udongo mzuri kuliko wote nilionao ili soya yake izae hadi watu wa Wamaza wasimame njiani, wageuze vichwa, wamwulize mkono huu ni wa nani, na yeye, mbele yao wote, alazimike kulitaja jina langu.